Stima Ikipotea, Kihariri Chako Kinakumbuka Nini?

Juzi kijana mmoja jirani yangu hapa Free Area, Nakuru, aliniuliza: "Bro, nitumie kihariri gani kuandikia kodi?" Amenunua kompyuta ya mezani ya mtumba yenye RAM ya GB 2, na wenzake wa chuo wamemwambia kwamba bila VS Code yeye bado si programa. Mimi nasema hapana, na nitaeleza kwa nini.

Nilipomaliza digrii ya sayansi ya kompyuta, nami nilifuata mkumbo: nilichagua kihariri kwa sababu ya rangi zake. Siku moja nilikuwa na kazi ya mteja ya kukabidhi kesho yake asubuhi. Saa kumi jioni stima ikapotea mtaa mzima. Kompyuta ya mezani haina betri, na UPS sikuwa nayo. Stima iliporudi, faili ilikuwa vile nilivyoihifadhi saa sita mchana. Kazi ya saa nne, kwisha! Nilikesha nikiiandika upya, nikachelewa, na malipo yakakatwa.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni hilo la kichwa cha makala haya.

Mimi natumia Vim. Unapoandika, Vim huweka mabadiliko yako kwenye faili ya pembeni yenye mwisho wa .swp, kila baada ya herufi 200, au ukiacha kuandika kwa sekunde 4. Stima ikirudi, fungua faili yako. Vim itakuonya, bonyeza R, kagua, hifadhi, kisha ufute ile.swp. Basi.

Tuwe wa haki: VS Code, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2015, nayo huweka nakala ya faili ambazo hujahifadhi, na ni programu nzuri. Lakini imejengwa juu ya Electron, yaani ndani yake mna kivinjari kizima. Kwenye GB 2, ukiifungua pamoja na Firefox, mashine inaanza kuhema. Vim hutumia MB chache tu.

Jambo la pili ni uhai. Atom ya GitHub ilikuja mwaka 2014, ikapendwa sana, kisha wenyewe wakaifunga Desemba 2022. Vim ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Alifariki Agosti 2023, lakini wenzake waliendelea na kazi na kutoa toleo la 9.1 Januari 2024. Tena ni ya bure. Bram aliwahi kujitolea kwa mwaka mmoja Kibaale, kusini mwa Uganda, na ombi lake kwa anayeipenda Vim lilikuwa moja: wachangie watoto wa huko. Andika :help uganda ndani ya Vim ujisomee.

Kuiweka si kazi. Kwenye Ubuntu:

sudo apt install vim

Kisha tengeneza faili iitwayo .vimrc kwenye folda yako ya nyumbani, uandike:

syntax on
set number
set expandtab
set shiftwidth=4
set softtabstop=4

Mstari wa kwanza unaleta rangi, wa pili namba za mistari, na mitatu ya mwisho inafanya kitufe cha Tab kiweke nafasi nne.

Sitakudanganya, siku za kwanza utaumia. Wengi hushindwa hata kutoka! Bonyeza Esc, andika :q! kisha Enter, utatoka bila kuhifadhi. Halafu andika vimtutor kwenye terminali, ujipe nusu saa ya mazoezi.

Ukipata mashine yenye nguvu, jaribu unachotaka. Kwa sasa, chagua kwa kompyuta uliyo nayo na stima uliyo nayo, si kwa sifa za wenzako. Na pesa ikipatikana, nunua UPS kabla ya kitu kingine chochote.

Kazi njema!