Kiu ya Tumbako Ikikushika, Simama Utembee



Katika ukurasa huu tunasema mara nyingi juu ya kofia ya kazi, maski ya vumbi na viatu vigumu. Leo ni juu ya sigara. Najua wengine wataanza kugeuza ukurasa: «Munganga anarudi tena na hadithi yake ya mapafu.» Ngojeni kidogo. Sikuja kuwaambia kwamba tumbako ni mbaya. Yule anayevuta paketi nzima kwa siku anajua hayo, na hata mtoto anayetumwa kununua sigara mbili kando ya njia anajua. Nataka kusema juu ya mtu ambaye amekwisha kuamua kuacha, lakini hawezi kupita siku ya tatu.

Mtu huyo tunamwona kila mara kwa dispanseri. Jumatatu anatupa paketi. Jumanne anakasirikia bibi yake bila sababu. Jumatano, akitoka kazini, mwenzake anamnyoshea sigara moja, naye anaipokea. Kisha anakuja kutuambia: «Mimi sina nguvu ya roho.» Hukumu hiyo siikubali. Je, gari lililojaa mawe likianza kuteremka, utalizuia kwa kifua chako? Hapana. Utatafuta jiwe uweke chini ya gurudumu. Mtu anayeacha tumbako anahitaji pia jiwe lake, na mimi nasema jiwe mojawapo zuri ni miguu yake mwenyewe.

Kwanza tuelewe kiu hiyo ni kitu gani. Ndani ya tumbako mna dawa inayoitwa nikotini. Ukivuta, inafika katika ubongo kwa muda wa sekunde chache tu, na ubongo unazoea kuipokea. Siku unapoacha, ubongo unadai posho yake. Ndipo hasira inakuja, usingizi unakimbia, akili haitulii juu ya kazi, na njaa inazidi. Juma la kwanza ndilo gumu kupita yote. Kwa watu wengi, baada ya majuma matatu au manne, sehemu kubwa ya mateso hayo imekwisha. Lakini sikilizeni neno hili: kiu haibaki na nguvu moja mchana kutwa. Inakuja kama mvua ya mwezi wa kumi na moja, inapiga kwa nguvu, halafu inapita. Mara nyingi ni dakika chache tu. Mtu anashindwa ndani ya dakika hizo, wala si katika siku nzima.

Mnataka ushuhuda? Mtazameni mwenzetu wa ghala la baruti, au yule anayefanya kazi karibu na matangi ya mafuta. Pale hakuna sigara wala kiberiti, na hakuna anayebishana. Saa zote za posti anakaa bila kuvuta, naye anatumika vizuri. Kiu inamjia, kwa kuwa ni mtu kama wengine, lakini mikono yake ina kazi na sigara haiko karibu, basi kiu inapita. Akifika tu kwenye mlango wa kutokea, kiberiti kinawaka. Kwa hiyo mtu huyo anajua tayari kuacha kwa saa nane. Shida yake inaanza anapokuwa hana la kufanya: akingojea basi, akimaliza kula bukari, akikaa na wenzake jioni mbele ya chupa.

Sasa, miguu. Wachunguzi wa Uingereza na wa nchi nyingine wamefanya jaribio hili mara nyingi. Wanachukua watu wanaovuta, wanawazuia tumbako kwa saa kadhaa mpaka kiu iwakamate vizuri. Kisha wengine wanaambiwa watembee kwa haraka, wengine wanaambiwa wakae kitini. Kila mmoja anaulizwa kiu yake ni kubwa namna gani. Wale waliotembea wanasema imepungua, wakati wa kutembea na hata kwa muda fulani baada ya kusimama. Haihitaji kukimbia mpaka ulimi utoke. Dakika tano, kumi, kumi na tano za kutembea kama mtu aliyechelewa basi zinatosha. Tena hesabu yake ni rahisi: kiu inadumu dakika chache, na matembezi yanadumu dakika chache. Ukirudi, mvua imekwisha kupita.

Nisiwadanganye lakini. Kuna watu wanaouza michezo kama dawa ya kila ugonjwa. Mimi sio mmoja wao. Mwaka 1999 ilitangazwa kazi moja ya Marekani juu ya wanawake 281 waliotaka kuacha. Wote walipata mafundisho ya kuacha tumbako, lakini nusu yao walifanya pia mazoezi ya nguvu mara tatu kwa juma, kwa majuma kumi na mawili. Baada ya mwaka mmoja, katika wanawake 100 wa mazoezi, karibu 12 walikuwa hawajarudia. Katika 100 wengine, karibu 5 tu. Hiyo ni mara mbili na zaidi. Lakini mwaka 2019 wachunguzi walikusanya majaribio 24 ya namna hiyo, yenye watu zaidi ya 7 000, na hawakuona ushuhuda wazi kwamba kuongeza mazoezi kunazidisha hesabu ya watu walioacha kabisa baada ya miezi sita au zaidi. Mnaona? Mazoezi yanashinda kiu ya leo. Hayakuahidi kwamba utakuwa umeacha mwaka ujao. Ndiyo sababu nasema jiwe mojawapo, wala sisemi jiwe la pekee. Shauri la munganga, msaada wa bibi na wa wenzako, na dawa za kupunguza kiu pale zinapopatikana, hivyo vyote vina nafasi yao. Lakini dawa inanunuliwa. Kutembea hakuna bei, na hakungoji ruhusa ya mtu.

Hapa nasikia mzee mmoja akiniambia: «Kijana, mimi napiga koleo toka asubuhi. Mazoezi gani tena unataka?» Mzee wangu, heshima yako. Kazi yako ni nzito, hakuna anayekataa. Lakini mimi sitafuti kukuchosha. Natafuta kitu cha kutia ndani ya ile saa ambayo koleo limelala na sigara imeamka. Ukishuka kwenye basi, usikae chini ya mwembe pamoja na wanaovuta. Pitia njia ndefu ya kurudi nyumbani. Ukimaliza kula, inuka palepale, zunguka kambi mara moja. Ukiamka na kiu, tembea kwanza, kunywa maji, kisha oga. Na kama mvua imenyesha, chukua jembe uingie shambani nyuma ya nyumba. Mkono wenye jembe haushiki sigara, na mahindi nayo yatashukuru.

Na vijana wa mpira, msicheke. Ninyi mnasema: «Mimi nacheza, moshi unatoka kwa jasho.» Moshi hautoki kwa jasho. Mnamjua Johan Cruyff, Mholanzi. Mwaka 1974 alicheza Kombe la Dunia kule Ujerumani Magharibi, kombe lilelile ambalo Léopards wetu walikwenda. Kukimbia alikimbia kuliko sisi wote, lakini sigara hakuiacha. Mwaka 1991, akiwa mwalimu wa Barcelona, na miaka yake ilikuwa 43 tu, alipasuliwa moyo. Hapo ndipo alipoacha, na akatokea katika filamu fupi akichezea paketi ya sigara kwa miguu kama mpira, mpaka akaipiga mbali. Aliishi miaka 25 mingine. Mwaka 2016 alikufa kwa kansa ya mapafu. Mchezo ni msaada wa kuacha. Mchezo si ruhusa ya kuendelea.

Tena sisi watu wa migodi tuna deni lingine. Mawe ya Katanga yana silika nyingi, na tunapotoboa au kuvunja, vumbi lake linaingia kifuani. Ndani ya njia ya pumzi mna vinyweleo vidogo sana vinavyofagia uchafu kuurudisha juu. Moshi wa sigara unaviharibu. Basi mtu anayevuta anapokea vumbi kama mwenzake, lakini ufagio wake umevunjika. Silika inamsogeza mtu karibu na kifua kikuu, tumbako nayo inamsogeza, na kwa kansa ya mapafu vyote viwili vinasukumana. Kuvaa maski saa nane halafu kuvuta mlangoni ni kufunga mlango wa mbele na kuacha ule wa nyuma wazi.

Na ile pumzi fupi mnayolalamikia mkipanda kilima, tujue inatoka wapi. Sigara ikiwaka inatoa hewa mbaya ileile inayotoka katika mbabula ya makala, ile inayoua jamaa nzima iliyofunga madirisha na kulala wakati wa baridi ya mwezi wa sita. Hewa hiyo inashika nafasi ya hewa nzuri ndani ya damu. Furaha ni kwamba inaondoka upesi: siku moja au mbili bila sigara, na damu imekuwa safi kwa upande huo. Moyo wenyewe unachukua muda mrefu. Baada ya mwaka mmoja hivi, hatari yake ya ugonjwa wa moyo inashuka karibu nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta. Anayetembea kila siku anaanza kujisikia mapema, na mimi naona hilo linamtia moyo kuliko maneno yetu yote.

Mama, kwenu nina neno. Baba akiacha tumbako, majuma ya kwanza atakuwa mkali kama pilipili. Msimwambie: «Ulikuwa mzuri zaidi ulipokuwa unavuta.» Neno hilo limekwisha kurudisha watu wengi kwenye paketi. Mwambieni: «Baba, tuende.» Mwende pamoja mpaka kanisani na kurudi, au mpaka sokoni, watoto nao wakimbie mbele. Msiogope pia akianza kunenepa. Watu wengi wanaongeza kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza, kwa sababu chakula kimerudisha utamu wake. Kutembea kunasaidia hapo pia. Na kilo tano si kitu mbele ya kansa.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Kazini, mtu akimwambia kapita wake: «Shefu, nakwenda kuvuta kidogo,» kapita anakubali, na mara nyingi wanakwenda wote wawili. Dakika tano zinapita, hakuna aliyeandika kitu. Lakini mtu akisema: «Shefu, nimeacha tumbako, nataka kutembea dakika tano mpaka kwenye mti ule na kurudi,» ataitwa mvivu na wenzake watamcheka. Hiyo ni haki ya namna gani? Tumempa mvutaji mapumziko, na tumemnyima yule anayejaribu kujiponya. Mimi naomba makapita wageuze desturi hiyo, bila kupoteza hata dakika moja ya kazi: dakika zilezile za sigara ziwe za kutembea, mahali pasipo na hatari na mbali na njia ya malori makubwa.

Hata kwa kiwanja cha mpira nina shauri. Kiwanja chetu ni cha watu 22, na sisi wengine tunakaa pembeni, tunapiga kelele na kuvuta. Kupiga kelele si mazoezi. Jioni ambayo timu haifanyi mazoezi, lango linafungwa kwa kufuli. Kwa nini lisifunguliwe kwa wazee wa miaka 50, na kwa akina mama, wazunguke taratibu? Majani hayataharibika kwa viatu vya mzee anayetembea. Wanaoshika ufunguo wanajulikana, na ninaamini wanasoma gazeti hili.

Kabla ya kuanza, wengine wanapaswa kupita kwetu kwanza: mwenye tansio, mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi, mwenye ugonjwa wa vumbi, na mwenye miaka mingi ambaye hajatembea kwa haraka tangu zamani. Anayekohoa zaidi ya majuma mawili, au anayetema damu, asitembee popote isipokuwa kuja dispanseri, na aje leo. Mwenye kizunguzungu akitembea asimame mara moja. Wakati wa kiangazi mtembee asubuhi, kabla vumbi halijaamka.

Sisi kwa dispanseri tutampima kila mtu tansio na kusikiliza kifua chake, na tutaandika katika karatasi yake siku aliyoacha. Siku ya tatu arudi, hata kama amerudia. Hatutamgombeza. Tutamwuliza tu kiu ilimkuta saa ngapi, na wapi, kisha tutatafuta naye njia ya kutembea saa hiyo. Aje na viatu vinavyomtosha.