Makaro na Mawese

Siku hizi hapa Rumonge mtu akipata fedha kidogo huifunika sakafu yake ya saruji kwa vigae vinavyong'aa, vile tuviitavyo makaro. Kijana aliyesoma akipata kazi Bujumbura huwajengea wazazi wake nyumba, na nyumba hiyo isipokuwa na makaro majirani husema bado haijaisha. Sikatai kwamba yapendeza macho, tena ni rahisi kuyapangusa. Lakini naona sakafu hii huchaguliwa bila kuwauliza watakaoikanyaga.

Kwetu ni nchi ya michikichi. Mawese yako jikoni, yako mikononi, yako katika nyayo za watoto. Tone moja likianguka juu ya kigae laini hukaa pale pale likimngoja mtu. Saruji yenye kukwaruza ingalau humshika mguu. Bibi yangu aliteleza hivyo nyumbani kwa mwanawe, akavunjika nyonga. Tangu siku ile huketi barazani juu ya mkeka, na sebuleni haingii ila ameshikwa mkono. Mwana alitaka kumheshimu mama yake, kumbe amemfanya mgeni.

Wengine husema, "Si mtandike zulia?" Basi makaro yalinunuliwa ya nini, kama ni ya kufunikwa?

Huko Ujerumani wana njia ya kupima jambo hili: mtu hutembea juu ya vigae vilivyomwagiwa mafuta, navyo huinamishwa kidogo kidogo mpaka ateleze. Kisha kigae hupewa alama, kuanzia R9 mpaka R13, na R9 ndicho chenye utelezi kuliko wenzake. Wanunuzi wetu huuliza rangi na bei tu.

Tena liko ziwa. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba nyingi za ufukweni. Udongo ukilowa na kutitia, sakafu hupasuka; saruji tupu huzibwa kwa mwiko na ndoo moja ya mchanga, lakini kigae kilichovunjika hutaka kingine cha rangi ile ile, ambacho dukani kimekwisha zamani.

Ninyi mliomaliza shule na sasa mnajenga, acheni walau jikoni, bafuni na njia ya kwenda chumba cha wazee ziwe za saruji ya kukwaruza. Na kama hamna budi kununua makaro, mwombeni mwenye duka kigae kimoja, mkidondoshee mawese, kisha mkikanyage bila viatu kabla ya kulipa.