WALIOKUZWA NYUMBANI WALIPWE



Liko shauri moja la Marekani ambalo latufaa sisi wafanyakazi kulipima. Ni la mpira wao, ule wenye umbo la yai, ambao hurushwa na kudakwa kwa mikono. Timu ya Cincinnati ilichukua wadakaji wawili vijana kutoka vyuoni: Tee Higgins mwaka 2020, na Ja'Marr Chase mwaka 2021. Walipokuwa mabingwa, watu wakabishana: je, walipwe wote wawili, au mmoja aachwe aende zake?

Waliosema aachwe walikuwa na hoja. Kila timu ina kikomo cha mishahara. Cha mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2. Tena Kansas City ilimwachilia mdakaji wake Tyreek Hill mwaka 2022, na bado ikatwaa ubingwa wa misimu miwili iliyofuata. Cincinnati nayo, ikiwa na mabingwa wote wawili mwaka 2024, ilishinda mara 9 na kushindwa mara 8, isifike mashindano ya mwisho.

Hata hivyo sisi twasema ilikuwa haki walipwe. Kijana aingiapo katika kazi ile hachagui tajiri. Tajiri ndiye humchagua. Tangu mapatano ya 2011 mshahara wake wa kwanza hukatwa kwa kipimo, wala hapati mkataba mpya kabla ya misimu mitatu kwisha. Higgins alipomaliza miaka yake minne, timu ilitumia sheria ya kumzuia mwaka mmoja zaidi. Chase naye mwaka 2024 aliongoza ligi nzima: alidaka mara 127, akapata yadi 1,708 na mabao 17. Tajiri aliyekula jasho la fundi kwa bei ya mwanafunzi, siku ya kulipa bei ya fundi asiseme mfuko umetoboka.

Mwezi wa Machi 2025 timu ilikubali: Chase dola milioni 161, Higgins milioni 115, kila mmoja kwa miaka minne.

Mtu atasema hizo ni fedha za mabwana wakubwa, hazituhusu. Fedha hazituhusu, lakini maneno ya tajiri twayajua: "Nikimlipa huyu, mwenzake atakosa." Ndugu, kikomo kile hakikushuka kutoka mbinguni. Wachezaji waligoma mwaka 1987, wakaenda kortini, na mwaka 1993 wakapata uhuru wa kuhama. Kikomo kilikuwa bei ya mapatano hayo, kikaanza 1994. Jambo lililowekwa kwa mapatano hubadilishwa kwa mapatano.

Basi kibarua asimwonee fundi wivu, wala fundi asimsahau kibarua. Wakae upande mmoja wa meza, na tajiri upande wa pili. Umoja ni nguvu.