Mshauri Aliyeonja Msiba

Katika kliniki za tiba na matunzo za nchi yetu, na mkoa wa Singida umo, yuko mtu asiyevaa koti jeupe wala kuandika cheti cha dawa, ambaye hata hivyo mgonjwa mpya aghalabu humfungulia moyo upesi kuliko amfunguliavyo tabibu. Huyo ndiye WAVIU mshauri, aishiye na virusi vya UKIMWI, aliyejitolea kuwaongoza wenzake. Pengine hakusoma vitabu vingi vya elimu ya nafsi, walakini anajua kwamba kimya cha mgonjwa si ukaidi, na kwamba kopo la vidonge hutiwa pamba ili lisilie mkobani mama apandapo basi.

Mfano wa njia hii ni Noerine Kaleeba wa Uganda, mtaalamu wa tiba ya viungo: alimuuguza mumewe Christopher, aliyekuwa na UKIMWI, huko Uingereza, akaona wauguzi wakimgusa bila hofu. Waliporejea Kampala alikuta kinyume chake, na Januari 1987 mume akafariki. Mwaka huo huo yeye na wenzake, baadhi yao wagonjwa na baadhi wafiwa, wakaasisi TASO, shirika la kuwasaidia walioguswa na UKIMWI, nao hawakuwa na dawa ya kuponya, bali walikuwa na masikio, mikono isiyoogopa kugusa, na wito wa kuishi kwa matumaini, miaka mingi kabla Tanzania haijaanza, mwaka 2004, kugawa bure dawa za kufubaza virusi. Nasaha zao zilichukua sura ya masaibu yaliyowafika wao wenyewe.

Waganga wa pepo wa mwambao walilijua jambo hili kabla ya vyuo: aliyeugua akaaguliwa ndiye aliyeingizwa kilingeni kuwa mteja, na baadaye akaweza kuwa mganga, lakini, na hapa namwomba msomaji atue kidogo, hakuwa mganga ila baada ya kufunzwa na aliyemtangulia. Kwani maumivu yasiyotunzwa humfanya mshauri adhani kwamba njia iliyomwokoa yeye ndiyo njia ya kila mtu. Aliyemweleza mkewe hali yake akapokewa kwa huruma, atamhimiza mwanamke wa Ikungi amweleze mumewe leo hii, asitambue kwamba mwanamke huyo aweza kulala nje na wanawe usiku huo. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imeifanya siri ya mgonjwa kuwa amana; kukizuia kisa chako mwenyewe mpaka umesikia cha mwenzio hadi mwisho, hilo sheria haifundishi, hufundishwa na mlezi mwenye subira.

Nani, basi, amsikilizaye msikilizaji? Mshauri hurudi nyumbani na vilio vya watu, na pengine na habari za kifo cha aliyemshauri mwezi uliopita, naye jioni humeza vidonge vile vile. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma, mkoa jirani na Singida, na ndiyo makao ya wajuzi wa maradhi ya akili. Sioni udhuru wa halmashauri za Singida za Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni kutowaomba wajuzi hao waje kila robo mwaka kukaa na washauri wetu faraghani, na wasemao siku hiyo wawe washauri wenyewe. Na posho za washauri hao zilipwe kwa wakati, kwa kuwa nauli ya kutoka kijijini haingoji mwisho wa mwaka wa fedha.