Daftari la Wiki: Ngazi Sita

Jumamosi nilitoka Lanet na jirani yangu, mama anayetumia kiti cha magurudumu, kwenda kutazama igizo mjini Nakuru. Ukumbi sitautaja. Mlangoni tulikuta ngazi sita na hapana kijia cha mteremko. Vijana wanne wakambeba kwa heshima zote, lakini niliona alivyoukumbatia mkoba wake, macho chini, mpaka magurudumu yalipogusa sakafu. “Nawasumbua tu,” akaninong’oneza. Hukumsumbua mtu, mama. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na kubebwa kama gunia si kufika.

Ndani, kijana kiziwi alitazama mikono ya dadake muda wote. Dada alimtafsiria igizo zima, na yeye mwenyewe akalikosa.

Tulipotoka, nauli ya kurudi Lanet ilikuwa imeshapanda.

*

Ngazi si kizuizi pekee cha mtazamaji. Mwaka jana si mbali. Aprili 10, 2025, hapa hapa Nakuru, wanafunzi wa shule ya wasichana ya Butere walifika ukumbi wa Melvin Jones kuigiza Echoes of War, tamthilia ya Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Hadhira yao haikuwamo. Nje polisi walikuwa wakiwatawanya watu kwa vitoa machozi. Amri ya mahakama iliwapa jukwaa, lakini watazamaji walizuiwa, na igizo lisilo na mtazamaji ni mazoezi.

Limuru walilijua hilo zamani. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu walijijengea jukwaa la wazi, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong’o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ kwa Kikuyu, lugha ambayo bibi kizee wa pale hakuhitaji kufafanuliwa. Novemba leseni ya maonyesho ikafutwa. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

*

Leo watoto wengi wa huku kwetu hukutana na tamthilia bwaloni mwa shule. Kundi la waigizaji linakuja na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, meza zinasukumwa ukutani, harufu ya githeri ingalipo. Mara Sara, yule mama mgonjwa waliyemzoea kwenye maswali ya mtihani, anasimama hatua tatu mbele yao, na bwalo zima linanyamaza. Wanaoshuhudia ni wanafunzi peke yao. Wazazi wao, walio umbali wa kutembea tu, hawana habari.

Walimu wakuu wa Lanet, nawaomba: kundi litakapokuja muhula ujao, tangazeni siku na saa, mfungue lango, kiingilio kiwe cha mfuko wa mama mboga. Mtafuteni na mkalimani wa lugha ya ishara. Bwalo la shule iliyo karibu nasi nimelikagua Jumatatu: mlango wake ni mpana, na hauna hata ngazi moja.