Campbell: Usimpime kwa mikono pekee

Kama unafuatilia drafti ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, umesikia kelele kuhusu mikono ya Will Campbell, aliyechezea chuo cha LSU. Alipopimwa Indianapolis, mkono wake ulikuwa karibu sentimita 83. Timu nyingi hutaka mlinzi wa kushoto awe na 84 kwenda juu. Sentimita moja tu, na tayari watu walitaka asogezwe katikati!

Hofu yenyewe si ya bure. Mlinzi huyu hulinda mgongo wa mrusha mpira. Mpinzani akimwahi kifuani, kwisha. Peter Skoronski, mwenye mikono mifupi zaidi, alisogezwa ndani na Titans mwaka 2023.

Lakini hebu tazama mechi zake. Campbell alicheza upande huo chuoni misimu mitatu, akikabili wakali wa SEC. Miguu yake haichelewi, na miguu ndiyo hufikisha mikono inakotakiwa.

Patriots walichagua wa nne mwaka 2025, na wana Drake Maye wa kulindwa. Walimchukua; wamwache kushoto. Akishindwa, ashindwe uwanjani, si kwenye futikamba.