Mwacha mila ni mtumwa: Waliouzwa Colombia hawakuacha

Mtajie Mkenya wa kawaida jina la Colombia, naye atakutajia mambo mawili matatu: dawa za kulevya, marehemu Pablo Escobar, na kama ana mabinti nyumbani, mwanamuziki Shakira. Mkulima wa Nyeri ataongeza kahawa. Ni kweli, mambo hayo yapo. Lakini kuijua Colombia kwa hayo pekee ni sawa na kuijua Kenya kwa simba na wakimbiaji tu.

Jumapili ya leo, msomaji, nakualika tuzuru miji ya nchi hiyo kwa kalamu. Tutaonja vyakula vyake, tutatazama sherehe zake, na mwishoni tutaulizana swali moja linalotuhusu sisi wakazi wa mijini na watoto wetu.

Kwanza tuitazame ramani. Colombia iko kaskazini magharibi mwa Amerika Kusini. Upande mmoja inapakana na bahari ya Karibi, upande mwingine na bahari ya Pasifiki. Katikati milima ya Andes imejigawa safu tatu ndefu. Kwa karne nyingi kuvuka milima hiyo kulikuwa kazi ya siku na majuma. Kwa sababu hiyo kila sehemu iliishi kivyake, ikapika kivyake na kucheza ngoma kivyake. Hata leo mtu wa pwani na mtu wa bara hutambulika kwa matamshi kabla hajamaliza sentensi, na kwa sahani yake kabla hajaanza kula.

Neno ‘ng'ombe’ kuvuka bahari

Safari yetu yaanza Cartagena, mji wa bandari uliojengwa na Wahispania mwaka wa 1533. Kuta zake nene za mawe zingali zimesimama, na watalii huzipenda mno. Lakini bandari hiyo ilikuwa pia soko kubwa la kuuza Waafrika. Waliteremshwa hapo wakiwa na minyororo, wengi wao kutoka Kongo na Angola, wakapelekwa migodini na mashambani.

Si wote waliokubali. Mmoja wao, Benkos Biohó, alitoroka na wenzake na kuongoza mapambano dhidi ya mabwana wao mwanzoni mwa karne ya 17. Wahispania walimuua mjini Cartagena mwaka wa 1621, lakini watoro waliendelea kujenga vijiji vyenye maboma msituni. Kimojawapo, San Basilio de Palenque, kingalipo hadi leo, kilomita kama 50 kutoka mjini. Wenyeji husimulia kwamba wanawake walisuka nywele zao kwa mistari iliyoonyesha njia za kutorokea, msimamizi wa shamba akidhani ni urembo tu.

Hapa ndipo Mswahili anapopaswa kutega sikio. Watu wa Palenque wana lugha yao, Kipalenquero, iliyochanganya Kihispania na lugha za Kibantu, hasa Kikongo. Katika lugha hiyo ‘ngombe’ ni ng'ombe. ‘Moná’ ni mwana. Na wakitaka kutaja wengi huweka ‘ma’ mbele ya neno, jambo ambalo mtoto wa shule ya msingi hapa kwetu atalielewa bila kuelezwa. Fikiria, msomaji: maneno hayo yalivuka bahari katika vinywa vya watu ambao hawakuruhusiwa kubeba chochote kingine.

Hata hivyo nusura lugha hiyo ife, na si kwa sababu ya mjeledi. Wapalenque walipokwenda mjini kutafuta kazi katika karne ya 20, walichekwa kila walipofungua kinywa. Waliambiwa kwamba wanaongea Kihispania kibovu. Basi wazazi wengi wakaona heri watoto wasiijue kabisa, wasije wakaaibika. Ni katika miaka ya 1980 walimu na vijana wa kijiji walipoamua kuirudisha, wakaiingiza darasani. Katiba mpya ya mwaka wa 1991 ikazitambua lugha za jamii ndogo katika maeneo yao, na mwaka wa 2005 shirika la UNESCO likautangaza utamaduni wa Palenque kuwa hazina ya binadamu wote.

Ukitembea Cartagena utawaona akina mama wa Palenque wamevaa magauni ya rangi kali, mabeseni ya matunda yametulia vichwani. Huuza pia vitamutamu: kashata za nazi, na vidonge vya mtama vilivyofingirishwa kwa nazi na sukari guru, ambavyo jina lake kwa Kihispania ni ‘alegría’, yaani furaha. Wageni huomba kupiga picha nao, nao hudai malipo. Baadhi ya watalii hunung'unika. Mimi naona ni haki yao. Picha hizo hupamba matangazo ya mji mzima; kwa nini mwenye beseni awe wa mwisho kunufaika?

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka hapo. Katika miaka ya 1970 sahani za santuri kutoka Afrika zilianza kuingia pwani hiyo, zikiwemo za muziki wa Kongo ambao wazazi wetu waliucheza Nairobi na Mombasa. Wenye mitambo mikubwa ya muziki wa mitaani walibandua lebo za sahani hizo ili washindani wasijue zilitoka wapi. Vijana wa mitaa ya kimaskini wakaziiga kwa maneno yao wenyewe, na muziki uitwao champeta ukazaliwa. Matajiri waliudharau kwa miaka mingi. Mwaka wa 2020 Shakira aliucheza mbele ya mamilioni ya watazamaji katika fainali ya kandanda ya Kimarekani, na dharau nyingi ikanyamaza.

Barranquilla: Vita vya maua

Shakira mwenyewe ni mzaliwa wa Barranquilla, mji wa jirani kwenye pwani hiyo hiyo. Huko, kwa siku nne kabla ya Jumatano ya Majivu, kazi husimama na watu wote huingia barabarani. Hiyo ndiyo kanivali kubwa kuliko zote nchini humo.

Jumamosi huwa na ‘Vita vya Maua’, msafara mrefu wa magari yaliyopambwa. Msafara huo ulianza mwaka wa 1903. Colombia ilikuwa imetoka tu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu toka 1899 hadi 1902, na wakazi wakaamua kwamba sasa warushiane maua badala ya risasi.

Kuna ngoma iitwayo Kongo, wachezaji wake wakiwa na vilemba virefu vya maua na mapanga ya mbao. Ni urithi wa watumwa. Kuna pia kinyago cha marimonda, chenye pua ndefu na masikio kama ya ndovu, huku mvaaji amefunga tai shingoni. Huyo ni maskini anayewadhihaki mabwana wakubwa wa ofisini, na siku hizo hakuna wa kumkamata. Jumanne jioni huzikwa Joselito, mlevi wa kubuni ambaye ndiye sherehe yenyewe. Wanaume kwa wanawake huvaa nguo za matanga na kumlilia kwa vilio vya kuchekesha.

Na njaa ikiuma? Huliwa wali wa samaki aina ya mkizi pamoja na muhogo. Mtu wa Mombasa hatajiona mgeni.

Cali: Kutoka msibani hadi ngomani

Tuiache Karibi sasa tuelekee kusini magharibi, upande wa Pasifiki, hadi mji wa Cali. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti, 1956, malori ya jeshi yaliyosheheni baruti yalilipuka karibu na stesheni ya gari moshi. Mitaa mizima ilifutika, na watu zaidi ya elfu moja wakafa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba, mji ulifanya tamasha la kuinua nyoyo za watu. Tamasha hilo halijakoma. Kila mwaka, kuanzia siku ya Krismasi hadi tarehe 30, Cali hucheza salsa. Salsa yenyewe ilitoka Cuba, Puerto Rico na New York, lakini husimuliwa kwamba vijana wa Cali walizichezesha sahani kwa mwendo wa kasi kuliko uliotakiwa, na miguu yao ikazoea. Ndiyo maana hadi leo Cali hucheza kwa kasi ya ajabu.

Tamasha jingine la Cali, la mwezi wa Agosti, lilianza katika miaka ya 1990 na limepewa jina la mtunzi Petronio Álvarez. Hili ni la Weusi wa pwani ya Pasifiki, na ala yake kuu ni marimba. Naam, jina ni lile lile tunalolijua katika Kiswahili. Mwaka wa 2010 UNESCO iliuorodhesha muziki huo wa marimba.

Lakini wengi huenda kwa ajili ya vyungu. Akina mama wa pwani hupika samaki, kamba na kaa kwa tui zito la nazi, vitunguu, nyanya na majani ya kunukia. Kando huwekwa wali na ndizi za kukaanga. Wapo pia wauzao viche, kinywaji kikali kinachopikwa kutokana na maji ya miwa, jamaa wa karibu wa chang'aa yetu. Kwa miaka mingi wapishi wake waliandamwa na askari. Mwaka wa 2021 sheria ilipitishwa kukitambua kuwa urithi wa jamii za Weusi wa Pasifiki, ili faida ibaki kwa wanaokipika.

Mbele zaidi kusini, katika milima ya Pasto, kanivali huja mwanzoni mwa Januari. Tarehe 5 watu wote hupakana rangi nyeusi. Tarehe 6 hupakana poda nyeupe. Siku mbili hizo tajiri na maskini hawatofautiani usoni. Sanamu kubwa zinazopita barabarani siku ya mwisho hutengenezwa na mafundi kwa miezi mingi, watoto wakisaidia na kujifunza.

Medellín na Bogotá: Mgongo na chungu

Turudi kaskazini hadi Medellín, mji aliotoka Escobar. Aliuawa kwa risasi mwaka wa 1993, na mji umejitahidi tangu hapo ujulikane kwa mengine. Wakulima wa kijiji cha Santa Elena, mlimani juu ya mji, walikuwa wakishuka na maua ya kuuza, wameyafunga kwenye viti vya mbao mgongoni. Viti hivyo zamani vilibebeshwa mizigo, hata wagonjwa na matajiri, kuvushwa milimani. Mwaka wa 1957 wakulima kama 40 waliandamana na maua yao mjini. Leo ni mamia, kila mwezi wa Agosti, na baadhi ya mizigo huzidi kilo 70. Watoto nao huandamana, wamebeba viti vidogo vinavyolingana na migongo yao.

Colombia ni ya pili duniani baada ya Uholanzi kwa kuuza maua ya kukatwa, na Kenya imo katika kundi hilo hilo la mbele. Hata hivyo kule mkulima hupigiwa makofi barabarani. Hapa kwetu ni wangapi wamewahi kumpigia makofi mchuma waridi wa Naivasha?

Tumalizie Bogotá, mji mkuu, mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa baridi hiyo hupikwa ajiaco, supu ya kuku yenye mahindi na viazi vya aina tatu. Aina moja huyeyuka na kuifanya supu iwe nzito. Harufu yake hutokana na majani yaitwayo guascas. Mmea huo, msomaji, huenda umo shambani mwako. Ni gugu dogo lenye vijiua vya manjano katikati na petali chache nyeupe, ambalo wakulima wa Kenya huling'oa na kulitupa. Sisi tunatupa, wao wanatia supuni!

Na kila Jumapili tangu miaka ya 1970, barabara kuu za Bogotá hufungiwa magari kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Zaidi ya kilomita 100 huachiwa baiskeli, viatu vya magurudumu na miguu ya watoto. Haigharimu mzazi chochote.

Swali letu

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Watu waliouzwa kama mifugo pale Cartagena wanatuonyesha upande wa pili wa methali hiyo: mtu anaweza kutiwa minyororo na bado asiwe mtumwa, maadamu hajaacha. Lakini Palenque inatufunza jambo jingine. Kile ambacho minyororo ilishindwa kukiua, kicheko na aibu vilikaribia kukimaliza kwa muda mfupi tu.

Sisi je? Ni nyumba ngapi za Nairobi, Nakuru na Kisumu ambamo mtoto hawezi kumwamkia nyanyake kwa lugha yake, kwa kuwa baba na mama waliona haya? Ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliorodheshwa na UNESCO mwaka wa 2014, lakini katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Kwa upande mwingine, mwaka wa 2021 Kenya ilisifiwa na UNESCO hiyo hiyo kwa jinsi ilivyofufua vyakula vya kienyeji. Kumbe tukitaka tunaweza.

Si lazima tungoje serikali ituandalie kanivali. Jumapili ijayo chagueni chakula kimoja cha nyumbani kwenu. Mpigieni simu nyanya awaeleze kinavyopikwa, na mtoto ndiye aulize, kwa lugha ya nyanya kadiri awezavyo. Akikosea msimcheke. Mwacheni aendelee hadi chungu kiive.